Anayeweza Kungoja Ndiye Apangaye Bei

Ninalima Gety, makao makuu ya sheferi ya Walendu Bindi, katika teritwari ya Irumu, kama kilomita 60 kusini mwa Bunia. Shamba langu ni la maharagwe, mahindi, mihogo na viazi vitamu, na pembeni ipo migomba pamoja na mibuni michache aliyoiacha baba mkwe wangu. Mimi pia ni katibu wa kikundi cha wakulima, wengi wetu akina mama. Kazi yangu humo ni kuandika: nani kaleta gunia, lina kilo ngapi, limeuzwa lini, kwa bei gani. Ushuhuda huu unatoka katika daftari hilo. Kuliandika msimu baada ya msimu kumenionyesha jambo ambalo jembe peke yake halikunionyesha. Katika biashara ya chakula, kuanzia soko la Gety hadi masoko makubwa ya dunia, bei haipangwi na anayelima vizuri, wala na anayelima sana. Hupangwa na anayeweza kungoja.

Milima yetu hupata mvua mara mbili kwa mwaka. Tunapanda maharagwe mvua za Machi zikishakolea, tunayang'oa Juni na mwanzo wa Julai. Tunapanda tena Agosti, tunavuna kuelekea Desemba. Mavuno mawili kwa mwaka ni neema, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini tazama tarehe. Mavuno ya kwanza yanaingia nyumbani shule zinapofunga, na mwanzoni mwa Septemba zinafunguliwa. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali hailipiwi, ila sekondari ina minervali yake, yaani karo, na mtoto wa darasa lolote anataka daftari, viatu na sare. Kabla ya hapo baba wa nyumba ameshachukua dawa kwa deni, mama ameshachukua chumvi na sabuni dukani kwa deni, na wote wanaowadai wanaijua kalenda ya maharagwe kama wao wanavyoijua. Siku unapoyaanika uani, nao wanajiandaa kuja.

Ndiyo maana nyumba zote huuza katika majuma yale yale. Lori linafika siku ya soko, mchuuzi anashuka, anatazama magunia yaliyopangwa, anataja bei.

"Papa, ongeza kidogo, haya ni makavu na yamechambuliwa."

"Mama, bei ya leo ni hii. Wewe ukikataa, jirani yako atakubali."

Hasemi uongo. Jirani atakubali, kwa sababu jirani naye ana mtoto wa sekondari. Mchuuzi mwenyewe hana ubaya wowote moyoni, ana gharama zake na watoto wake. Tofauti yetu ni moja tu: yeye akikosa maharagwe leo atarudi juma lijalo, mimi nikikosa fedha leo mtoto anabaki nyumbani.

Halafu inakuja Aprili, inakuja Mei. Ghala ni tupu, shamba bado kijani, na mkulima wa maharagwe anakwenda sokoni kununua maharagwe kwa kikombe. Kikombe kwa kikombe analinunua tena gunia aliloliuza zima. Katika daftari langu bei ya miezi hiyo mara nyingi inakaribia kuwa maradufu ya ile ya Julai. Kibaya zaidi ni mbegu. Aliyeuza yote hununua mbegu sokoni asijue imetoka shamba gani wala ina ugonjwa gani, na mavuno yake yanayofuata yanaanza yakiwa pungufu. Umaskini wa mkulima wa kwetu hauanzi shambani. Unaanza katika yale majuma machache ambamo analazimika kuuza kila kitu kwa pamoja na wenzake wote.

Maharagwe yakiondoka Gety huenda wapi? Mengine yanaliwa Bunia, mji ambao vita vya miaka mingi vimeujaza watu waliokuwa wakulima na sasa ni wanunuzi. Mengine yanakwenda kwenye machimbo ya dhahabu, kwa kuwa mchimbaji halimi na anataka chakula kinachoshiba. Kwa njia hiyo bei ya dhahabu, ambayo mwaka 2025 ilivuka dola 3,000 kwa aunsi mwezi Machi na kupita 4,000 mwezi Oktoba, inaingia hadi katika shamba langu bila kubisha hodi. Inainua bei ya kikombe cha maharagwe kule machimboni, na papo hapo inawachukua vijana ambao wangenisaidia kupalilia. Mshahara wa kibarua unapanda kwangu kwanza. Bei ya gunia inapanda kwa yule aliyelinunua Julai akaliweka.

Na kuna barabara. Kutoka Gety kupitia Bogoro hadi Bunia si mbali, lakini mvua ikinyesha gari hulala njiani, na kwenye barieri mzigo hulipiwa. Watu wa mjini hufikiri gharama hiyo inalipwa na mchuuzi, kisha mchuuzi anamtoza mlaji. Sivyo ilivyo katika daftari langu. Mchuuzi akirudi safari inayofuata anaipunguza bei ya kununulia kwetu kwa kiasi alichotozwa njiani, nasi tunaipokea. Mama wa Bunia akiona maharagwe ni ghali atachukua sombe, samaki wadogo au mchele. Mchuuzi anaweza kugeuza lori lake aende soko jingine. Anayebaki hana pa kugeukia ni mwenye mzigo unaoweza kutobolewa na wadudu. Kodi ya barabarani, iwe halali au ya kujitungia, humwangukia asiyeweza kungoja.

Kwetu neno kungoja lina historia nzito. Kijiji cha Bogoro tunachopita kwenda Bunia kilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003, watu wengi wakauawa, na kesi yake ikafika hadi Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague. Mwaka 2006 vita viliposukuma vijiji vya Walendu Bindi, maelfu kwa maelfu ya watu walijaa Gety wakiwa wameacha mashamba nyuma yao. Yeyote aliyeishi miaka hiyo anajua kwamba mwenye silaha halimi, na kwamba ghala lililojaa lilikuwa ni mwito kwake. Tulizoea kutoweka akiba. Tukivuna tuliuza upesi au tulikula upesi, kwa kuwa kilichobaki ndani ya nyumba kilikuwa cha yeyote atakayeingia usiku. Kungoja kulikuwa hatari.

Zao lililotuvusha ni muhogo. Muhogo hukaa ardhini mwaka mzima na zaidi ukingoja wewe uwe tayari, hauungui moto unapochoma ghala, hauonekani wingi wake kwa mpita njia. Ukikimbia ukarudi baada ya miezi, unaukuta. Ni benki ya mkimbizi. Lakini benki hiyo nayo ina masharti: ugonjwa wa batobato hudumaza majani, michirizi ya kahawia huozesha mzizi kutoka ndani, na muhogo mchungu una sumu inayotaka siku kadhaa za kulowekwa ndipo utoke salama. Hapo pia haraka hulipiwa. Katika Bandundu ya zamani, magharibi mwa nchi yetu, watafiti walieleza jinsi barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilivyofanya muhogo uwe wa kuuzwa kwa wingi, familia zikafupisha siku za kuloweka ili kuwahi malori, na ugonjwa wa konzo ukapoozesha miguu ya wanawake na watoto. Barabara ni jambo jema na sisi tunaililia kila mwaka. Ila ikimkuta mkulima ambaye hana uwezo wa kungoja, inamwongezea haraka tu.

Nimesema habari ya dunia, na sikuisema kwa kujikweza. Watu wengi wakisikia uchumi wa dunia hufikiria meli, benki na viwanda, na huona Gety haimo. Gety imo tangu zamani. Muhogo, mahindi na maharagwe tunayoyaita chakula cha mababu yalitoka Amerika, yakaletwa Afrika na biashara ya Wareno. Nasi tumetoa zaidi ya tulivyopokea. Baada ya kutu ya majani kuangamiza kahawa ya arabika kule Java, mwanzoni mwa karne ya 20 Waholanzi walipelekewa miche ya robusta iliyotoka Kongo kupitia wauza mimea wa Brussels. Kutoka hapo robusta ilienea Asia, na leo mzalishaji mkubwa kuliko wote wa robusta ni Vietnam. Mchikichi nao ulichunguzwa Yangambi, katika kituo cha INEAC, shirika la utafiti wa kilimo lililoanzishwa 1933. Mwaka 1941 watafiti wawili wa kituo hicho, Beirnaert na Vanderweyen, walieleza jinsi unene wa kifuu cha ngazi unavyorithiwa. Ujuzi huo ndio uliozaa michikichi ya tenera inayojaza mashamba makubwa ya dunia. Indonesia na Malaysia sasa hutoa zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya mawese duniani, na Kongo, nchi ya Yangambi, inanunua mafuta kutoka nje.

Kilimo chote cha dunia ni kama asilimia 4 tu ya pato la dunia, lakini kinabeba karibu robo ya wafanyakazi wote wa dunia. Nilipozisoma namba hizo mbili pamoja nilielewa mambo mengi. Mtu mmoja kati ya wanne anafanya kazi hii, na wote pamoja wanapata fungu dogo namna hiyo, wakati hakuna kiwanda, jeshi wala benki inayoweza kufanya kazi siku mbili bila chakula. Fungu haliwi dogo kwa sababu chakula hakina thamani. Linakuwa dogo kwa sababu thamani yake kubwa inaonekana baada ya kumtoka mkulima: katika kuweka, kusafirisha, kusaga, kukaanga, kufungasha, na hasa katika kuchagua siku ya kuuza.

Angalia wanaochagua siku. Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya akiba yote ya ngano duniani iko katika maghala ya China. Kampuni kama Cargill, Bunge, ADM na Louis Dreyfus zina maghala, bandari na meli, na zinaweza kununua wakati wa mavuno katika bara moja na kuuza wakati wa uhaba katika bara jingine. Serikali zenye nguvu nazo hungoja kwa niaba ya watu wao. Mwaka 2008 bei ya mchele ilipopanda duniani, nchi kadhaa zinazouza zilifunga mipaka kwanza. Julai 2023 India ilizuia kuuza nje mchele mweupe usio wa basmati, ikafungua tena Septemba 2024. Sisemi walikosea kulisha watu wao. Nasema mwenye ghala ana neno la kusema, na asiye nalo husikiliza.

Sisi tulisikiliza mwaka 2022. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari ile, nchi hizo mbili zilikuwa zikitoa zaidi ya robo ya ngano inayouzwa kati ya nchi na nchi. Mwezi Machi kipimo cha bei za chakula cha FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kilifika juu kuliko wakati wowote tangu kianzishwe. Bunia hailimi ngano. Unga wa mkate huingia kwetu kupitia Uganda, na Uganda yenyewe huagiza ngano yake nyingi kutoka ng'ambo. Mafuta ya gari yakapanda, nauli ya lori ikapanda, na mchuuzi akaja Julai akiwa na hesabu mpya. Mama wa Gety ambaye hajawahi kuonja ngano ya Ukraine alilipia vita vile kwa gunia la maharagwe.

Na waliolima mazao ya ng'ambo wamepata somo lile lile. Wazee wetu wenye mibuni wanaikumbuka miaka ya mwisho ya themanini. Mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawia nchi kiasi cha kahawa cha kuuza ulivunjika Julai 1989, na kwa muda mfupi bei ya dunia ikaanguka karibu nusu. Katika nyanda za chini mnyauko wa kahawa nao ulikuwa ukikausha robusta. Wengi waling'oa. Leo vijana upande wa Boga, Tchabi na Walese Vonkutu wamepanda kakao. Mwaka 2024 bei yake katika soko la New York ilivuka dola 10,000 kwa tani, kwa sababu mavuno ya Ivory Coast na Ghana yalikuwa mabaya, na mwaka uliofuata ikaporomoka. Wengine wa kule walikuwa wamekimbia mauaji, kakao imeiva mitini. Bei ilipokuwa juu hawakuwa shambani. Waliporudi, bei ilikuwa imekwenda zake.

Subira yavuta heri, wamesema wahenga, na ni kweli. Lakini subira ina vifaa vyake. Mtu hawezi kusubiri kwa moyo tu wakati mdai yuko mlangoni na fukusi wako guniani. Nitaeleza sasa tulivyojitengenezea vifaa hivyo, kwa kuwa ushuhuda usiosema jinsi jambo linavyofanyika haumsaidii anayesikiliza.

Tulianza na likilimba. Kila mmoja anatoa kidogo siku ya kikao, na fedha hiyo haizunguki tu kama zamani, inabaki katika sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Kazi yake ya kwanza ni moja: kumkopesha mwanachama minervali mwezi wa Agosti ili asiuze. Hatuwezi kulipa yote. Tunalipa sehemu ya kwanza, na shule nyingi hukubali kungoja sehemu ya pili zikiona komite yetu imeandika barua. Kwa mkopo huo mdogo magunia ya nyumba hiyo yanabaki.

Pili, depo. Ni nyumba ya matofali yenye bati, sakafu imeinuliwa kwa mbao ili unyevu usipande, dirisha dogo juu lenye wavu. Tuliijenga kwa salongo, kila nyumba mikono yake. Mlango una kufuli mbili na hakuna mtu mmoja anayeweza kuufungua peke yake, hata mwenyekiti.

Tatu, ukavu. Maharagwe yenye maji hayawekeki, na jicho hudanganya. Wengi huuma punje: ikivunjika kwa mlio imekauka. Sisi tunaongeza chupa na chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia punje hadi robo, tia chumvi kavu kidogo, funga, tikisa dakika kadhaa, acha itulie. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, yarudishe juani. Isiposhika, yako tayari. Kipimo hiki hakina gharama na kimezuia ugomvi mwingi, kwa kuwa mwenye gunia anaona mwenyewe.

Nne, wadudu. Bibi zetu walichanganya majivu na pilipili, na kwa mbegu ya nyumbani bado tunafanya hivyo. Kwa gunia la kuuza tunatumia mfuko wa tabaka tatu: mifuko miwili ya plastiki nzito ndani, gunia la kawaida nje. Unajaza, unakamua hewa, unafunga kila tabaka peke yake kwa kulikunja na kulikaza. Fukusi waliomo humaliza hewa wanayopumua na kufa bila dawa yoyote. Usiufungue kuchungulia. Atakayechungulia kila juma anawarudishia pumzi.

Tano, kuchambua kwa aina. Mchuuzi hulipa kidogo maharagwe yaliyochanganyika kwa sababu hayaivi kwa wakati mmoja. Tukitenga mekundu, ya manjano na yenye madoa, tukapeta mawe na vumbi, bei inabadilika kabla hata ya kungoja. Mbegu tunaitenga kwanza kuliko yote, tunaiandika jina la mwenyewe, na hiyo haiuzwi hata bei ikipanda vipi.

Mwisho, tunauza pamoja na kwa mafungu. Hatungojei kilele cha bei kama wacheza bahati nasibu. Tunauza sehemu Oktoba, sehemu Novemba, sehemu baadaye, ili bei ikianguka siku moja isituangushe sote. Mchuuzi akija anakuta komite na daftari, na mzigo unaojaza lori lake kwa siku moja badala ya kulala Gety akikusanya mlango kwa mlango. Kwa hilo yeye naye hupunguza gharama, na tumeona wachuuzi wengine wakitupigia simu kabla ya kuja kutuuliza kama tuna mzigo. Siku ya kwanza nilipoulizwa "Mama katibu, mnauza bei gani?" badala ya kuambiwa bei, nilijua kazi yetu imeanza kuzaa.

Hatukuvumbua jambo jipya. Soko la nafaka la Chicago lilianzishwa 1848 katika mji ambao wakulima wake walikuwa na taabu hii hii: wote walifika na mahindi baada ya mavuno, bei ikaanguka. Walipopata maghala na karatasi ya kuonyesha kwamba nafaka yako imo ghalani, mtu aliweza kuuza karatasi au kukopea bila kuhamisha gunia. Tanzania ilitunga sheria ya stakabadhi ghalani mwaka 2005, na korosho ya kusini ikaanza kuuzwa kwa mnada kupitia maghala mwaka 2007. Wakulima wa kule wamelalamikia malipo yanayochelewa, na malalamiko yao ni funzo kwetu: ghala bila malipo ya awali kwa mwenye mzigo linambebesha mkulima gharama ya kungoja kwa ajili ya wengine.

Haya yote yanasimama juu ya amani. Tarehe 28 Februari 2020 hapa Gety serikali na kundi la waasi la FRPI walitia sahihi mkataba wa amani. Utekelezaji wake umekwenda polepole na mapigano hayajaisha Irumu. Lakini mkulima hupima amani kwa kipimo chake: je, watu wanathubutu kuacha magunia ndani ya depo usiku? Msimu wanapothubutu, bei yao inapanda bila mtu yeyote kuongeza hata kilo moja ya mavuno. Na sokoni ndiko jamii zetu zilizokuwa zimefarakana zilikorudi kuzungumza mapema. Samaki wa Ziwa Albert kutoka Kasenyi na Tchomia, maziwa ya wafugaji, maharagwe na mihogo yetu: hakuna anayekula cha kabila lake peke yake. Mwenye akiba ana sababu ya kulinda njia ya soko, kwa kuwa kesho yake imo ndani ya gunia lile.

Kwa hiyo nina maombi, na nayasema waziwazi.

Kwa serikali ya mkoa na ya taifa: viongozi wa Afrika waliahidi Maputo mwaka 2003 kutoa asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo, wakarudia Malabo mwaka 2014. Serikali yetu hukadiria kwamba Kongo ina hekta milioni 80 zinazofaa kulimwa, na sehemu ndogo tu inalimwa. Msituongezee hotuba juu ya hekta hizo. Tengenezeni barabara ya Bogoro hadi Gety ipitike mwaka mzima, ondoeni barieri zisizo za kisheria, na kituo cha utafiti cha INERA pale Nioka kipewe uwezo wa kutuletea mbegu safi za maharagwe na vikonyo vya muhogo vinavyostahimili magonjwa. Nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Tuwekeeni mpakani utaratibu ambao mama mwenye magunia matano anaweza kuufuata bila kudhulumiwa.

Kwa mashirika ya msaada: tunawashukuru kwa miaka ambayo tungekufa bila ninyi. Mapema mwaka 2025 watu zaidi ya milioni 25 nchini mwetu walikuwa na njaa kali, na Marekani ilipokata misaada yake mwaka huo, PAM, shirika la msaada wa chakula la Umoja wa Mataifa, ililazimika kupunguza watu inaowalisha. Fedha ikiwa chache, ndiyo sababu zaidi ya kununua maharagwe ya Irumu kwa ajili ya waliokimbia makwao Irumu. Mkituambia Aprili kwamba mtanunua Julai, mkatulipa sehemu mapema, mtakuwa mmemlisha mkimbizi na mmempa mkulima uwezo wa kungoja kwa fedha ile ile moja.

Kwa wafanyabiashara na wasomi wa Bunia, watoto wetu: wekezeni katika maghala karibu na mashamba. Msikimbilie dhahabu wote.

Na kwako mkulima mwenzangu, wa Gety au wa popote unaposomewa maneno haya. Usiuze gunia lako la mwisho. Anza na moja tu: likaushe, lifunge vizuri, liandike tarehe, liweke. Mtafute jirani naye aweke la kwake. Dunia hula kila siku, na itakuja kununua. Ikukute una akiba, ndipo bei itakuwa na neno lako ndani yake.